Ndovu Yatima na Siri ya Mafuta ya Nazi

Sisi watu wa Pwani tumemjua ndovu kwa pembe zake kabla ya kumjua kwa sura yake. Mababu zetu wa Mombasa, Lamu, Pate na Malindi waliziona pembe zikishuka kutoka nyika mabegani mwa wapagazi, zikapimwa mizanini, zikapakiwa majahazini, zikaenda Bara Hindi kuchongwa bangili za maharusi. Baadaye zikaenda Ulaya na Marekani kufanywa vibonye vya piano na tufe za mchezo wa biliadi. Ile siwa mashuhuri ya Pate, iliyokuwa ikipulizwa katika harusi za wakubwa na siku za kutawazwa wafalme, ni pembe tupu. Ndovu basi yumo ndani ya fahari yetu, lakini yumo akiwa maiti.

Ni wangapi miongoni mwetu waliopata kumtazama mwana wa ndovu machoni, yu hai, ana njaa, anamtafuta mamake? Ndugu msomaji, ni kwa ajili ya swali hilo nilifunga safari kwenda Nairobi, kwenye makao ya ndovu yatima yaliyomo ndani ya mbuga ya taifa ya mji huo. Nilikwenda na shaka yangu moyoni, kwani tumeona mengi mjini. Pana wanaomfuga nyani kwa mnyororo wakamwita rafiki, na pana wanaomfungia kasa ndani ya tangi wakasema wanamhifadhi. Nikataka kujua kama makao haya ni nyumba ya huruma kweli, au ni sarakasi iliyotiwa jina zuri.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya jina. Watu wa bara wamezoea kumwita mnyama huyu tembo. Mtu wa Pwani ukimtajia tembo, kwanza hufikiri kile kinywaji kigemwacho mnazini, ambacho kwetu ni haramu. Ndiyo maana katika ukurasa huu nitamwita ndovu, kama walivyomwita wazee wetu. Lakini mnazi wenyewe usiusahau, msomaji, kwani tutakutana nao tena mbele, na safari hii kwa heri.

NDOVU WEKUNDU

Anayesafiri kwa garimoshi kutoka Miritini hukata Tsavo kati kwa kati. Reli hiyo mpya, iliyoanza kuchukua abiria katikati ya 2017, imejengwa kwa tuta refu lenye mapito chini yake ili wanyama wapite. Dirishani niliwaona ndovu sita, wekundu kama matofali. Kijana aliyekaa mbele yangu akadhani ni kabila lao kuwa wekundu. Nikamweleza kwamba rangi ile ni ya udongo wa Tsavo, wanaojipaka na kujimwagia kwa mikonga ili kujikinga na jua na kupe. Mvua ikiwaosha, utawakuta wa kijivu kama wenzao.

Mbuga ya Tsavo ilitengwa 1948. Mlinzi mkuu wa kwanza wa upande wa mashariki alikuwa David Sheldrick, na mkewe aliitwa Daphne, mzaliwa wa nchi hii mwaka 1934. Katika kazi ya ulinzi, mara kwa mara walikuta kitoto cha ndovu kimesimama kando ya maiti ya mamake. Mama ameuawa kwa mshale wa sumu au kwa bunduki, au ameangushwa na ukame. Ukame wa 1970 na 1971 peke yake uliwaua maelfu ya ndovu wa Tsavo, na wengi walikuwa majike wenye watoto, kwa sababu jike mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda mbali kutafuta malisho.

Kisha likaja janga kubwa zaidi. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000 tu. Fikiria, msomaji, mtaa wenye nyumba mia moja ukaamka ukakuta umebaki na nyumba kumi. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1977, lakini pembe ziliendelea kutoka, na sehemu yake ilipita katika bandari yetu. Ndipo tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi alipozitia moto tani 12 za pembe, dunia nzima ikitazama. Mwaka uliofuata marufuku ya biashara ya pembe baina ya mataifa ikaanza kazi.

David Sheldrick alifariki 1977, na mwaka huo huo mjane wake akaanzisha wakfu wa kuwahudumia wanyama kwa jina la mumewe. Nasema wakfu kwa makusudi, maana sisi tunalijua neno hilo. Maiti akisha kuzikwa, jina lake hubaki likifanya kazi ya kheri.

SAA MOJA TU

Makao yenyewe yako pembeni mwa mbuga, kwa njia ya Magadi. Hapana lango la dhahabu wala bendi. Mgeni wa kawaida hupewa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima aandikishe nafasi mapema. Nikamuuliza kijana mmoja wa pale kwa nini wanatubania hivyo, na sisi tumetoa pesa zetu. Akaniangalia kofia yangu, akacheka kwa adabu.

“Mzee,” akasema, “hawa ni watoto wagonjwa na wafiwa. Hospitalini nako si kuna saa za kutazama wagonjwa?”

Jibu hilo likanitosha.

Tukasimama nyuma ya kamba, wakubwa kwa wadogo, wageni kutoka ng'ambo na watoto wa shule waliovaa sare. Katikati palikuwa na dimbwi la matope na matawi yaliyokatwa. Wilbaro ikaletwa, imejaa chupa kubwa za maziwa. Mara wakatokea vichakani, wadogo kwanza, mbio, masikio wameyatanua, mkonga mmoja huku na mmoja kule, kama watoto wa chuoni waliosikia mwalimu amesema leo hakuna kusoma. Kila mmoja alimjua mlezi wake na chupa yake. Chupa ilimalizwa kabla sijavuta pumzi mbili. Waliokuwa wakubwa kidogo waliikamata chupa wenyewe kwa mkonga, wakainua kichwa, wakamimina.

Walezi huvaa makoti marefu ya kijani yaliyofanana. Mmoja wao alishika kipaza sauti akatueleza habari za kila mtoto. Huyu alikutwa ametumbukia kisimani. Huyu mamake aliuawa. Huyu aliokotwa wakati wa kiangazi, peke yake, hana nguvu ya kusimama. Majina yao mengi ni ya mahali walipookolewa, hata orodha yao ukiisoma ni kama ramani ya huzuni ya nchi hii.

Jike mmoja mdogo, ambaye mgongo wake ulikuwa bado na nywele za utoto, alikuja hadi kwenye kamba, akaunyosha mkonga wake, akanusa mkono wangu. Ncha ya mkonga ule ni laini na yenye unyevu, ina vidole viwili kama vya kuokotea tende. Akapumua kiganjani pangu. Pumzi yake ilikuwa ya joto, yenye harufu ya maziwa, kama pumzi ya mtoto yeyote. Kisha akaona sina kitu, akaondoka zake.

Hapakuwa na mtu aliyepanda mgongo wa ndovu. Hapakuwa na ndovu aliyecheza ngoma, wala aliyechora picha, wala aliyepiga magoti kwa amri. Katika nchi nyingine, hasa za Asia, kuna mahali ambapo mwana wa ndovu hutengwa na mamake, hufungwa minyororo na kuchomwa kwa kulabu mpaka moyo wake uvunjike, ndipo mtalii apate kumpanda akapigwa picha. Pale Nairobi niliona matope, maziwa, matawi na watu wenye subira. Saa sita ilipogonga wakageuzwa, wakarudi vichakani, nasi tukaambiwa kwaheri.

KISA CHA AISHA

Sasa nifike kwenye ule mnazi.

Ndovu hubeba mimba miezi 22, na mtoto azaliwapo huwa na uzito wa kilo mia na zaidi. Kwa miaka miwili ya mwanzo hawezi kuishi bila maziwa. Kwa miaka mingi, kila mwana wa ndovu aliyeokotwa akiwa mchanga alikufa, hata apendwe vipi. Walimpa maziwa ya ng'ombe, akaharisha, akakonda, akafa. Mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe tumbo lake haliyawezi.

Daphne Sheldrick alihangaika na jambo hilo takriban miaka 28, akichanganya hiki na kile, akizika mmoja baada ya mwingine. Hatimaye akagundua kwamba mafuta yanayokaribiana zaidi na yale ya maziwa ya mama ndovu ni mafuta ya nazi. Naam, nazi! Ile ile inayokunwa kwa mbuzi katika kila jiko la Pwani, ile inayotiwa katika wali na samaki wa kupaka, ile ambayo bibi zetu walituchulia mwili utotoni. Akatumia maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yaliyotiwa mafuta hayo, na kitoto kikaanza kunenepa.

Kitoto hicho alikipa jina la Aisha.

Ilikuwa katika miaka ya 1970, huko Tsavo. Aisha alikuwa mchanga kabisa alipoletwa, na kwa kuwa Daphne ndiye aliyemlisha usiku na mchana, Aisha hakutaka mwingine. Alimfuata kama kivuli. Miezi ilipopata kama sita, Daphne ikambidi aende Nairobi kwenye harusi ya binti yake. Akamwacha Aisha kwa msaidizi, akamwachia maziwa yale yale, kwa kipimo kile kile. Aisha akakataa kunywa. Aliporudi alimkuta mifupa mitupu, na muda mfupi baadaye akafia mikononi mwake.

Wanawake wetu waliopata kuwaachisha watoto ziwa wataelewa haraka kuliko mimi. Maziwa yalikuwepo, wala ugonjwa haukuwepo. Kilichomuua Aisha ni kudhani kwamba amefiwa mara ya pili.

Kutokana na kifo hicho ndiko kulikotoka kanuni inayofuatwa hata leo katika makao yale. Mwana wa ndovu haachwi ampende mlezi mmoja peke yake. Walezi hupokezana. Anayelala na huyu leo, kesho hulala na yule. Hivyo mtoto anapata familia badala ya kupata mtu mmoja, na mlezi akiugua au akienda likizo kwao, hapana anayekufa kwa majonzi.

KULEA MIMBA SI KAZI

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Walezi wa pale wanaujua ukweli wa maneno hayo kuliko wengi wetu.

Maziwa hutolewa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, mvua na jua. Usiku kila mtoto mdogo huwa na banda lake, na ndani ya banda kuna kitanda kimeinuliwa, juu yake kalala mlezi. Nairobi kuna baridi, na mwana wa ndovu asiye na mama wa kumkinga hupata homa ya mapafu upesi. Kwa hiyo hufunikwa blanketi. Usingizini akikosa kumgusa mtu, huunyosha mkonga juu, akamvuta mlezi shuka. Wako wanaoamka wakipiga kelele usiku, kwa sababu ya yale waliyoyaona siku mama alipouawa.

Nilimuuliza yule kijana kama kazi hiyo haimchoshi.

“Inachosha, mzee,” akajibu. “Mimi nina watoto wawili nyumbani, na mke wangu husema nimewalea hawa zaidi kuliko wale. Lakini ukishaamshwa na huyu saa tisa ya usiku, ukamtazama jicho lake, huwezi kujifanya umelala.”

“Na siku akiondoka?”

Akanyamaza kidogo. “Siku hiyo nalia. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Asipoondoka, basi mimi sikufanya kazi.”

Hapo ndipo shaka niliyokwenda nayo iliponitoka. Mfanyabiashara wa sarakasi huomba mnyama wake asitoke kamwe. Hawa wanamlea mtoto kwa nia ya kumpoteza.

KURUDI NYIKANI

Mtoto akisha kupata nguvu, aghalabu akiwa na miaka miwili au mitatu, hupakiwa katika lori lililotengenezwa maalumu, alfajiri, akapelekwa Tsavo. Huko kuna vituo vya kumrudisha nyikani: Voi, Ithumba upande wa kaskazini, na Umani katika msitu wa Kibwezi, ambacho kilifunguliwa 2014 kwa ajili ya wale wenye vilema na majeraha yasiyopona vizuri. Mchana hutembea mwituni pamoja na walezi, usiku hurejea uani. Ndovu wa mwituni huja kuwanusa na kuwasalimu. Polepole, mwaka baada ya mwaka, yatima huanza kulala nje, kwanza usiku mmoja, kisha juma zima, hata siku moja hakurudi. Hapana anayemsukuma wala anayemzuia. Wengine huchukua miaka mitano, wengine kumi.

Zaidi ya yatima 300 wamepita katika mikono hiyo. Kuna waliokwisha kuwa mama porini, na ajabu yake ni kuwa majike hao wakizaa huwaleta watoto wao kwa walezi wa zamani. Emily wa Voi alimzaa Eve 2008. Mulika na Yatta wa Ithumba nao walizaa, mmoja 2011 na mwenziwe 2012, na mtoto wa Yatta akaitwa Yetu. Kadhalika madume waliochomwa mishale ya sumu wamekuwa wakirejea Ithumba kwa miguu yao, wakasimama kungoja daktari. Mtu ndiye aliyemchoma, na kwa mtu amekuja kutibiwa. Sijui sisi tungeweza kuwa na imani kama hiyo.

KILIO CHA MKULIMA

Lakini mwandishi akiandika upande mmoja tu amekuwa mpiga debe. Niliporudi nilishuka Voi, nikaenda upande wa Sagalla, kwa watu wanaoishi mpakani mwa mbuga. Mama mmoja mtu mzima, Mtaita, alinikaribisha kigoda chini ya mwembe. Nilipomwambia nilikotoka, alitikisa kichwa.

“Maalim,” akasema, “wewe umekwenda kumwona ndovu akinyonya chupa. Njoo umwone akila shamba langu.”

Akanionyesha. Mahindi yalikuwa yamelazwa chini kana kwamba trekta limepita. Kazi ya miezi mitatu ililiwa usiku mmoja. Wajukuu wake hawatoki kwenda skuli mpaka jua lichomoze sawasawa, kwa hofu ya kukutana na ndovu njiani. “Yatima wa ndovu wana blanketi,” akaniambia. “Yatima wa waliouawa na ndovu, nani amewafunika?”

Swali hilo halina jibu jepesi, wala sikujaribu kumpa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema aliyeuawa na mnyama, jamaa zake walipwe shilingi milioni 5, na aliyepata kilema cha kudumu milioni 3. Sheria hiyo hiyo ilipotungwa ilimtishia mwenye kuua ndovu kifungo cha maisha au faini isiyopungua shilingi milioni 20. Upande wa adhabu hutekelezwa upesi kuliko upande wa fidia, na madai mengi yamekaa miaka bila kulipwa. Maadam hali ni hiyo, tusimshangae mkulima anayemtazama ndovu kama mtoto wa kambo aliyependelewa.

Hata hivyo, huko huko Sagalla nimeona jambo la kutia moyo. Ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, anamwogopa nyuki. Wataalamu wamewasaidia wakulima kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka akaenda zake. Mkulima anabaki na mahindi yake, na juu yake anapata asali. Si mashamba yote yaliyofikiwa, na nyuki nao huhama kukiwa na kiangazi, lakini ni dawa isiyomwaga damu.

Na sisi wa karibu na bahari tusidhani habari hii ni ya wenzetu. Kwale kuna ndovu katika msitu wa Shimba Hills. Mwaka 2005 zaidi ya mia moja walihamishwa kutoka huko wakapelekwa Tsavo Mashariki kwa kuwa msitu ulikuwa umewazidia. Jirani na hapo, huko Mwaluganje, wenye mashamba, Wadigo na Waduruma, walikubaliana tangu miaka ya 1990 kuiacha ardhi yao iwe mapito ya ndovu ili wagawane mapato ya wageni. Hata kinyesi cha ndovu walikifanya karatasi. Kwa upande mwingine, Juni 2014 zaidi ya tani 2 za pembe zilikutwa katika yadi moja ya Tudor, hapa hapa Mombasa, si mbali na misikiti tunayosali. Kila jozi ya pembe zile ilikuwa na maiti nyuma yake, na pengine nyuma ya maiti kitoto kimesimama.

UMMA KAMA SISI

Mtoto wa chuoni hajafika mbali katika Juzuu Amma kabla ya kukutana na Suratul Fiil. Sote tumeihifadhi. Abraha alitoka Yemen na jeshi lake kuja kuibomoa Al-Kaaba, na mbele yake kamtanguliza ndovu. Masimulizi ya sira yanaeleza kuwa ndovu yule alipoelekezwa Makka alipiga magoti akakataa kwenda, na alipogeuzwa upande mwingine akainuka akatembea. Kuna mafunzo mengi hapo, lakini mimi hunijia hili: mwenye kosa alikuwa Abraha, wala si mnyama wake. Ndovu alitumikishwa katika vita visivyo vyake.

Ni katika Mwaka huo wa Ndovu, kwa kauli ya wanazuoni wengi, alipozaliwa Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie. Alizaliwa babake amekwisha kufa, akanyonyeshwa na Bi Halima jangwani, akafiwa na mamake akiwa na umri wa miaka sita. Hasha, silinganishi. Nakumbusha tu kwamba umma huu uliongozwa na yatima, na kwamba neno yatima kwetu si neno la kupita nalo haraka. Imepokewa pia kuwa masahaba safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akitapatapa hewani. Bwana Mtume akauliza nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru arudishiwe. Na Kurani imetufundisha kuwa wanyama watembeao na ndege warukao ni umma mfano wetu.

Mwaka 2021 nchi hii iliwahesabu ndovu wake, wakawa 36,280, na karibu 15,000 kati yao wako Tsavo na viunga vyake. Ni wengi kuliko wale wa 1989, alhamdulillahi. Lakini ukame wa 2022 uliwaua 205 kwa muda wa miezi tisa, na mashamba na mabarabara yanazidi kuingia katika mapito yao. Daphne Sheldrick naye alifariki Aprili 2018. Kazi ikaendelea chini ya binti yake, kwa sababu kanuni aliyoijifunza kwa Aisha ilikwisha kumtosha yeye pia: kisitegemee kitu kupendwa na mtu mmoja peke yake.

Yule mama wa Sagalla na yule kijana wa Nairobi hawajuani. Mmoja analinda shamba usiku, mwingine analinda banda usiku huo huo. Serikali ikilipa fidia kwa wakati, na mizinga ya nyuki ikaongezwa mpakani, hawa wawili wanaweza kuwa majirani wema. Wakiachwa kama walivyo, kila pembe itakayouzwa itapata mtu mwenye njaa na hasira wa kuikata, na sisi wa bandarini tutaombwa tufumbe macho.

Nilipokuwa garimoshini nikirejea Mombasa, beti hizi zilinijia, nami nawaachia wasomaji wangu:

Mwana wa ndovu yatima, mama kaishia pori,
Alilia nyika nzima, pasi wa kumsitiri,
Wakaja wenye huruma, wakamlea kwa ari,
Kulea si kumiliki, mlezi huachilia.

Akishapata ukubwa, porini humrejesha,
Hafungwi wala kukabwa, wala kamba kumvisha,
Si mnyama wa kuibwa, wala wa kutumikisha,
Kulea si kumiliki, mlezi huachilia.